Chavua si mbegu

Mikorosho ya Newala ikianza kuchanua, neno chavua halikosi kwenye mazungumzo ya wakulima, na karibu kila anayelitaja huongeza: "yaani mbegu ya kiume." Juzi nimelisikia hivyo tena, safari hii kwa mtu anayewafundisha wenzake.

Chavua ni vumbi la chembechembe litokalo sehemu ya kiume ya ua. Ule unga mweupe unaotanda kwenye maua na majani machanga ya mkorosho haumo: huo ni ubwiri unga, ni kuvu.

Kinachotuponza ni neno mbegu, kwa sababu tumelitwika mengi. Tunapanda mbegu za karanga, tunasifu ng'ombe wa mbegu nzuri, na hospitalini zinapimwa mbegu za kiume. Kwa hiyo tukisikia "kiume", ulimi unakimbilia mbegu. Lakini mbegu ya mmea ni mtoto aliyekwisha kutungwa, akiwa na ganda lake na, mara nyingi, akiba ya chakula. Chavua haijatunga kitu. Chembe moja ya chavua ya shayiri, ikikomaa, ina seli mbili za uzazi wa kiume, na seli ya tatu inayoota kijimrija cha kuzifikisha kwenye yai. Utungisho hufanyika huko, na mbegu huja baadaye.

Shayiri hailimwi huku kwetu, lakini inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mmea wowote ninaoujua. Weka chini ya hadubini chavua ya shayiri-mwitu na ya shayiri ya shambani. Zote ni viduara vya upana wa kama milimita 0.04, ukuta laini, tundu moja lenye pete na kifuniko. Vipimo vyake vinaingiliana, hata mtaalamu huona taabu kuzitenganisha. Sasa shika masuke. La mwitu likikauka hukatika pingili kwa pingili na kumwaga mbegu chini. La shambani huzishikilia mpaka mvunaji afike. Maelfu ya miaka ya kilimo yamelibadilisha suke waziwazi, chavua ikabaki karibu vilevile.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisimama tena mbele ya wakulima, sema chavua, uishie hapo. Neno mbegu liwekee korosho yenyewe, ile inayoning'inia chini ya bibo.