Kupangua jina la mhusika bila kubakiza herufi

Mtu anayetunga anagramu, yaani maneno mapya yanayopatikana kwa kupanga upya herufi zote za jina, kwa majina ya wahusika lazima siku moja afike kwa Tom Marvolo Riddle. Katika kitabu cha pili cha Harry Potter, kilichotoka 1998, kijana huyu anaandika jina lake hewani, herufi zinahama, kisha zinasomeka "I am Lord Voldemort" ("mimi ni Bwana Voldemort"), jina la adui mkuu wa Harry. Ni herufi 16, hakuna iliyoongezwa wala iliyotupwa.

Wafasiri walipata kazi hapo, kwa sababu anagramu haifasiriki. Ilibidi jina lenyewe la kijana liundwe upya. Kwa Kifaransa akawa Tom Elvis Jedusor, ili apatikane "Je suis Voldemort". Kwa Kidenmarki akawa Romeo G. Detlev Jr., yaani "Jeg er Voldemort", na Tom na Riddle wote wawili wakapotea.

Kwa Kiswahili tunaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Ukianza na "Mimi ni Voldemort" utakwama, maana Riddle ina D mbili na sentensi hiyo ina D moja tu. Lakini lugha yetu ina "ndimi". Sema "Ndimi Voldemort" na D ya pili imepatikana. Toa Tom, toa Riddle, zitabaki I, M, N, O, V. Zipange ziwe jina la kati: Tom Movin Riddle. Herufi 14 huku, 14 kule, na mhusika amebaki na jina lake la kwanza na la ukoo. Zaidi ya yote, "ndimi" ndivyo angesema mtu anayejitangaza kwa majivuno kama yeye.

Naanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ninaloliamini sana katika kazi hii: nguvu ya anagramu ya Kiswahili iko katika maneno yanayobeba sentensi nzima, hasa kitenzi. Wengi wanaoanza huwinda nomino, kama wafanyavyo watunzi wa Kiingereza, wakiishia na nomino mbili zilizosimama bega kwa bega bila kuambiana neno. Programu za intaneti nazo hukwama papo hapo. Zinafanya kazi kwa orodha ya maneno, na orodha itakuwa na "umia" lakini haitakuwa na "mnaumia", "tuliumia" wala "wangeumia".

Nimelitaja "mnaumia" kwa makusudi. Mchukue Maimuna wa *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980. Mimi huandika irabu mstari mmoja na konsonanti mstari wa pili: A, A, I, U, kisha M, M, N. Halafu natafuta viambishi kabla ya kutafuta neno lolote. Kuna N na A, basi kuna "na" ya wakati uliopo. Kuna M, basi kuna nafsi ya "ninyi". Toa hizo tatu, zinabaki A, I, M, U. Umia. Maimuna ni "mnaumia".

Sijapata anagramu nyingine ya jina la Kiswahili inayonigusa kama hii. Ni neno moja kwa neno moja, sarufi yake haina kasoro, na inasema kitu kuhusu riwaya yenyewe. Binti aliyefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, kisha akatoka na kuangukia mikononi mwa ulimwengu asioujua. Na ule wingi! Haikuja "unaumia". Imekuja "mnaumia", nami nikiisoma namwona pia mama yake, Tamima.

Kuhusu hesabu ya irabu: fanya mapema, itakuokoa. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo jina lenye konsonanti nyingi kuliko irabu litakulazimisha utafute miungano kama mb, nd, nj, ng, sh, mw. M ni mali, kwa kuwa inaweza kusimama silabi peke yake. C bila H pembeni yake haina kazi.

Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), ana konsonanti tano na irabu tatu, zote A. Inatisha kidogo. Lakini B, M na W ziko pamoja, nazo zikikutana na A zinataka kuwa "mbwa". Zinabaki A, A, N, S: nasa. "Nasa mbwa." Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwatega wahalifu mpaka wanaswe, sidhani kuna amri inayomfaa zaidi. Neno "Bwana" nimelihesabu kwa haki, maana ndivyo anavyoitwa ukurasa baada ya ukurasa.

Abunuwasi anahitaji uamuzi kabla ya kuanza, kwa kuwa wapo wanaomwandika Abunuwas na wapo wanaomwandika Abu Nuwasi. Chagua tahajia moja ushikamane nayo. Kubadilisha katikati ya safari ni kudanganya. Kwa Abunuwasi nimepata "Sawa, ubuni". Hapa tena kitenzi ndicho kilichofungua mlango, nacho kinamfaa mjanja ambaye kila akiwekewa mtego hubuni njia ya kutoka.

Rosa Mistika, wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1971, amenisumbua. Jina linatoa "siri, makosa", maneno ambayo ningeyaweka kwenye jalada la kitabu chenyewe, ila T inabaki mkononi. Herufi moja ikibaki, anagramu haipo. Nimeona watu wakiificha herufi kama hiyo kwa kuigeuza kifupisho au kuipachika kama jina la mtu asiyejulikana. Mimi siikubali njia hiyo. "Rosti, masika" inatimiza hesabu yote na haina maana yoyote, kwa hiyo nayo naiacha. Ninayoishikilia ni "Kosa mistari", nikimfikiria msichana aliyechorewa mistari na baba mkali kisha akaivuka. Inapita, lakini iko mbali na Maimuna.

Kuna na majina yanayovutia kwa urahisi wa bure. Utubora wa Shaaban Robert unaweza kuwa "Bora utu", na maana yake ni nzuri. Hata hivyo hapo hakuna kilichopanguliwa. Vipande viwili vimebadilishana nafasi tu. Huo ni undugu na kinyume, mchezo wa watoto wa pwani wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, ambao mmisionari Mwingereza Edward Steere aliuchapishia mifano tangu 1870. Kinyume kina utamu wake, lakini kinaacha silabi nzima. Anagramu inazivunja.

Sasa hivi niko na Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969). Konsonanti sita, irabu tano, na J isiyokubali kukaa popote ila karibu na N. Ukiweka "nje" mlango unafunguka: "keti nje" inakuja yenyewe. Zinabaki E, I, K, L, nazo zinatoa "kile", kionyeshi kisicho na nomino ya kuonyesha. Hesabu imetimia, sentensi haijatimia, na bado naamini kuna kitenzi kingine humo ndani.