Je, wajua kwa nini moto wa Juni si sawa na moto wa Oktoba?

Miaka ya 1930, karibu na Ndola nchini Zambia, mabwana miti waligawa msitu wa miombo katika vitalu. Vingine walivichoma kila mwaka kiangazi kilipoanza, vingine kilipokaribia kwisha, vingine wakavikinga na moto kabisa. Udongo ni uleule na mvua ni ileile, lakini baada ya miongo kadhaa, vitalu vya moto wa kuchelewa vilikuwa nyasi ndefu na miti ya kuhesabu. Vya moto wa mapema vilibaki miombo. Vilivyokingwa vilisongamana, na miti isiyopukutisha majani ikaanza kuingia.

Siri iko kwenye nyasi. Mwezi Juni bado zina ubichi, kwa hiyo moto hutambaa chini na kupita. Oktoba zimekauka kau, na ndipo miti ya miombo inapochipua majani mapya, hata kabla ya mvua. Moto huikuta imeshatumia akiba yake.

Sasa ongeza msumeno. Mvunaji hafyeki msitu mzima; anatafuta mninga, mti wa mbao za thamani. Hapo ndipo wengi hudhani hasara ni ya mti mmoja tu. Lakini mti mkubwa ukiondoka, jua hufika chini, nyasi hustawi, na moto unaofuata huwa mkali zaidi. Mche wa mninga nao una tabia ya ajabu: shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mizizini, miaka mingi, mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina refu. Moto mkali wa kila mwaka huuweka mche palepale.

Wadudu je? Mchwa, aliye chini ya ardhi, hana wasiwasi mkubwa. Tena vichuguu vyake mara nyingi huwa visiwa vya vichaka na miti ambayo huioni pengine msituni. Wa juu ya miti ndio wenye taabu. Moto wa kuchelewa huunguza maua ya nyuki, pia mayai ya nondo ambao viwavi wao huliwa na watu. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia hulijua hili tangu zamani: huchoma mapema, makusudi, ili Oktoba moto ukija usikute nyasi za kuteketeza chini ya miti ya mutondo, ambayo viwavi hao hula majani yake.