Soketi ya pasi haifai kuchajia gari

Mwezi uliopita niliitwa Tegeta kwa mteja ambaye gari lake la umeme, Nissan Leaf, lilikuwa limegoma kuchaji. Gari lilikuwa zima. Nilipoinama karibu na ukuta nikapata harufu ya plastiki iliyoungua, nikaenda kuzima men suichi kwanza. Kufungua soketi, upande wa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, umegeuka kahawia kama sukari iliyokaangwa, na skrubu inayopaswa kuubana waya inazunguka kwa ukucha. Waya wenyewe, milimita za mraba 2.5, ulikuwa mzima. Ulibabuka sentimita moja tu ya mwisho, pale ulipoingia kwenye skrubu.

“Fundi, mbona limechaji vizuri mwezi mzima?” akaniuliza.

Ndiyo, mwezi mzima, na kila usiku ile skrubu ilikuwa inalegea. Pasi inavuta umeme mwingi lakini inajikata na kuwaka tena. Birika linachemsha dakika nne, limezimika. Gari linavuta ampea 10 bila kupumzika mpaka alfajiri. Kiungo kikilegea kidogo kinaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, na joto linazidi kulegeza kiungo. Sakiti breka haiwezi kukuokoa hapo, kwa sababu ampea bado ni zilezile 10. Yenyewe inaona mambo ni shwari.

Kwa hiyo ukichomeka gari kwa mara ya kwanza, rudi baada ya saa moja, ushike plagi na uso wa soketi. Uvuguvugu si tatizo. Ukishindwa kuacha kiganja chako pale, zima. Na ekstensheni usitumie kabisa, hasa ile iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake, maana joto la katikati halina pa kutokea.

Watu wengi wanachaji kuliko wanavyohitaji. Chukua Leaf ya betri ya kilowati-saa 40. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ni uniti 24 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Ongeza zinazopotea njiani, mita ya LUKU itakula kama 27. Kwa ampea 10 na volti 230 unapata kilowati 2.3, basi ni karibu saa 12. Lakini mtu anayetoka Tabata kwenda Posta na kurudi hamalizi hata uniti 7 kwa siku. Saa tatu na kitu zinamtosha. Weka taima ya gari ianze saa sita usiku, majirani wakiwa wamelala na volti zimetulia. Kama uko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, jua kwamba gari litakupitisha uniti 75 za mwezi, na bei ya hizo za juu ni nyingine kabisa.

Sasa erthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kile kiboksi kilichopo kwenye waya wa kuchajia hupima erthi kabla ya kuruhusu umeme. Isipokuwepo, kinawasha taa nyekundu. Kuna mafundi wanaotibu taa hiyo kwa kuunganisha nyutro na erthi ndani ya plagi. Taa inakuwa kijani, mteja anafurahi, fundi analipwa. Siku nyutro itakapokatika, bodi nzima ya gari itakuwa na umeme. Matairi ni mpira, kwa hiyo umeme hauna pa kushukia, unasubiri. Atakayeshika mlango akiwa pekupeku kwenye ardhi yenye maji ya mvua ndiye atakayekuwa njia yake. Nimeikuta kazi ya namna hii mara mbili, na mara zote mbili nyumba ilikuwa na watoto.

Dawa yake ni fimbo ya shaba iliyopigwa chini vizuri na kupimwa kwa mashine. Kwenye mchanga wa Kigamboni fimbo moja mara nyingi haitoshi, na kipimo cha masika si cha kiangazi. Mimi napima kiangazi, udongo ukiwa mkavu.

Mteja wa Tegeta nilimvutia laini ya peke yake kutoka DB, lile boksi la sakiti breka. Leaf nyingi zilizouzwa Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu, kwa hiyo chaja kubwa ya ukutani isingemwongezea kasi. Hata hivyo niliweka waya wa milimita za mraba 6, ili akibadilisha gari tusivunje ukuta tena. Kikata-umeme cha hitilafu ya erthi niliweka cha aina B. Vile vya kawaida vinaweza kupumbazwa na mkondo mnyoofu (DC) unaovuja kutoka kwenye chaja ya gari, visikate hata mtu akishikwa.

Skrubu zote nilizikaza kwa bisibisi yenye kipimo, halafu nikapiga alama ya wino kwenye kila kichwa. Baada ya miezi sita nitafungua tena, niangalie kama kuna alama iliyohama.