Kaunta za kwatsi: jiwe limepimwa, fundi je?

Nyumba nyingi mpya zinazojengwa Riat na Milimani kule Kisumu, au Section 58 hapa Nakuru, siku hizi zinawekwa kaunta za kwatsi jikoni. Muuzaji huja na karatasi ya maabara inayoonyesha jinsi jiwe lilivyopimwa nguvu, na mteja akaridhika. Mimi ni daktari, na maswali kuhusu jiwe hili hunijia kutoka kwa watu wa aina mbili: wenye nyumba, wanaotaka kujua kama litadumu, na mafundi, ambao huuliza kwa sauti ya chini kwa sababu wanakohoa. Nimeyajibu pamoja kwa makusudi.

Kwatsi hii ni jiwe la kuchimbwa au ni kitu cha kiwandani?

Ni ya kiwandani, ingawa sehemu kubwa ya kilichomo ilichimbwa. Madini ya kwatsi husagwa, yakachanganywa na resini ya plastiki na rangi, kisha mchanganyiko hutandazwa, hushindiliwa kwa mtetemo huku hewa ikinyonywa nje, na mwishowe hupashwa moto hadi resini igande. Kwa uzito, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya bamba huwa kwatsi tupu.

Shika jambo hili tangu sasa: kwatsi ni silika ya fuwele, madini ambayo vumbi lake ndilo hatari tutakayoizungumzia. Graniti nayo ina silika, lakini mara nyingi haifiki nusu. Marumaru halisi ina kidogo sana.

Ile karatasi ya maabara inapima nini hasa?

Inapima mambo mengi, na ni vizuri mnunuzi ayaelewe, maana fedha yenyewe si kidogo.

Cha kwanza ni kuvunjika. Kipande cha bamba hukatwa kwa vipimo maalumu kikalazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo, katikati kukabaki wazi. Chuma cha tatu hushuka polepole kutoka juu na kukandamiza pale katikati, huku mashine ikiandika nguvu inavyopanda. Kwa muda huoni mabadiliko yoyote. Ghafla kipande hukatika vipande viwili kwa mlio mkali, na nguvu ile ya mwisho ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi kwa megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo. Mabamba mazuri ya kwatsi hufika 40 na kupita. Graniti nyingi huvunjika kabla ya 20. Resini inashikilia chembe kila upande, na ndani hakuna zile nyufa ndogo ambazo jiwe la kuchimbwa huja nazo kutoka ardhini.

Ugumu wa kukwaruzwa hupimwa kwa ngazi ya Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Talki ni 1 na almasi ni 10. Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, ni laini sana, ndiyo maana mchongaji analikata kwa kisu. Marumaru iko kwenye 3, kisu cha chuma kiko karibu na 5.5, na kwatsi ni 7. Kisu chako cha jikoni kitabutuka kabla ya kaunta kupata alama.

Kunywa maji nako hupimwa. Kipande hukaushwa kwenye tanuri, hupimwa uzito, hulowekwa, halafu hupimwa tena. Bamba la kwatsi huongezeka uzito kidogo mno, kwa hiyo chai, nyanya na bizari haziingii ndani kirahisi. Kuna pia tufe la chuma linaloangushwa kutoka kimo kinachozidi kupandishwa hadi bamba lipasuke, na gurudumu la kusugua linaloonyesha jiwe litalika kiasi gani kwa miaka. Kipimo cha kugandisha na kuyeyusha kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi kali, hakitusumbui huku.

Udhaifu wake ni joto na jua. Resini huanza kuharibika karibu na nyuzijoto 150, na mafuta ya kukaangia samaki hupita hapo. Ukitua karai moja kwa moja kutoka motoni, unaweza kupata doa ambalo halitoki. Nje kwenye jua kali rangi yake hugeuka manjano.

Kama jiwe limefaulu yote hayo, afya inaingia wapi?

Inaingia siku ya kulikata. Wingi wa kwatsi, unaolipatia jiwe ugumu wake, ndio huohuo unaolifanya vumbi lake kuwa baya kuliko la karibu kila jiwe lingine ambalo fundi wa kaunta atalishika. Vipimo vyote nilivyoeleza vinahusu bamba likiwa zima. Hakuna hata kimoja kinachosema kitu kuhusu hewa ya karakana wakati fundi anatoboa tundu la sinki.

Ndiyo maana husema karatasi ile ni ya kweli lakini haijamaliza habari. Mteja amehakikishiwa kwamba kaunta yake itaishi miaka mingi. Kijana aliyeikata hajahakikishiwa chochote.

Silikosisi ni ugonjwa gani?

Ni makovu kwenye mapafu yanayoletwa na vumbi la silika. Vumbi unaloliona kwenye nyusi za fundi na mikono yake ni chembe kubwa, na nyingi hunaswa puani na kooni. Zinazoua ni zile zisizoonekana, zenye upana wa chini ya sehemu 5 za elfu za milimita. Hizo hupenya hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya hewa. Huko, seli za ulinzi huzimeza zikidhani ni vijidudu. Silika haiyeyuki. Seli hufa, chembe huachiliwa, seli nyingine huja kuimeza nayo ikafa pia. Mzunguko huo huacha uvimbe, kisha kovu, na mapafu hukakamaa kama ngozi ya kidonda kilichopona vibaya.

Dalili ni kikohozi kisichoisha, pumzi kukatika ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, uchovu, maumivu ya kifua na kukonda. Hakuna dawa ya kuondoa makovu hayo. Tena yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Tangu 1997, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi hili miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na figo nazo zinaweza kuathirika.

Daktari, mimi nina umri wa miaka 27 na nimefanya kazi hii miaka michache tu. Si ugonjwa wa wazee wa migodini?

Ndugu yangu, zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Silikosisi ya kawaida huchukua miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi kidogo kidogo. Lakini vumbi likiwa zito, ugonjwa hujitokeza kati ya miaka 5 na 10, na likiwa zito kupindukia, ndani ya miezi au miaka michache. Kaunta za kwatsi ndizo zilizouleta kwa vijana.

Madaktari wa California walitoa ripoti mwaka 2023 kuhusu wagonjwa 52, wote wanaume waliokuwa wakikata mawe haya. Nusu yao walikuwa na miaka 45 au chini ya hapo. Kumi walikuwa wamefariki. Zaidi ya theluthi walipogunduliwa, ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Australia iliona vijana wake wakiumwa hivyo hivyo, na tarehe 1 Julai 2024 ikawa nchi ya kwanza kupiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ukataji wa mabamba haya. Kule kuna sheria kali na wakaguzi, na bado waliona haiwezekani kuyakata kwa usalama wa kutosha. Jambo hilo linapaswa kutushtua sisi tunaokata kando ya barabara kwa grainda kavu.

Nikimwagia maji wakati wa kukata, na nikajifunga leso, inatosha?

Maji ndiyo msaada mkubwa kuliko wote, na usikate bila maji hata siku moja. Hayatoshi yakiwa peke yake.

Kwanza, yafike mahali penyewe meno ya diski yanapogusa jiwe, tena mfululizo. Kijana wa kumwagia kwa kopo kila baada ya muda hafanyi kazi hiyo. Pili, grainda ya kawaida ya umeme na maji ni kifo cha aina nyingine. Tumia mashine iliyotengenezwa kwa kazi ya maji, au ya kuendeshwa kwa upepo wa kompresa, na umeme upitie swichi inayojikata hitilafu inapotokea. Tatu, lile tope jeupe linalobaki chini likikauka linarudi kuwa vumbi. Lisafishwe likiwa bado bichi. Kufagia kavu, au kujipuliza nguo kwa kompresa jioni ili uende nyumbani safi, ni kurudisha hewani kila kitu ambacho maji yalikuwa yamekizuia. Tabia hiyo ya kujipuliza nimeikuta karibu kila karakana, na ningeanza kuiondoa hiyo kabla ya nyingine zote.

Leso haizuii chembe hizi, na barakoa ya kitambaa haizuii. Kiwango cha chini kabisa ni barakoa ya N95 au FFP2 iliyokaa barabara usoni, na kwa kazi ya kutwa ni afadhali ile ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha. Ndevu huacha mwanya pembeni. Mwajiri ndiye anayepaswa kuvinunua vifaa hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka hivyo, na hastahili kukukata mshahara kwa ajili yake.

Je, hewa yenyewe inaweza kupimwa?

Inaweza. Fundi hufungwa pampu ndogo kiunoni, mrija ukipanda hadi karibu na kola, na pale kuna kichujio kilichotanguliwa na kifaa kidogo kinachotenga chembe kubwa ili zibaki zile tu zinazofika ndani ya mapafu. Anafanya kazi yake ya siku nayo. Jioni kichujio hupelekwa maabara, na miali ya eksirei hutumika kutambua ni kiasi gani cha vumbi hilo ni kwatsi. Marekani tangu 2016 imeweka mpaka wa miligramu 0.05 katika mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa nane. Kiasi hicho huwezi kukiona kwa macho. Ukiona wingu la vumbi, umeshaupita mpaka huo kwa mbali.

Ningependa siku moja karatasi ya kipimo hiki ibandikwe ukutani dukani, kando ya ile ya nguvu za jiwe. Masuala ya usalama kazini yako chini ya idara ya serikali iitwayo DOSHS, na mfanyakazi anaruhusiwa kupeleka malalamiko huko.

Nimekohoa kwa miezi. Nilipimwa TB, hawakuona kitu. Nifanye nini?

Rudi hospitali, na safari hii anza kwa kutaja kazi yako. Sema: "Ninakata kaunta za kwatsi, nimefanya kwa miaka kadhaa, nilikuwa nikikata bila maji." Bila maneno hayo, daktari atafikiria TB au pumu, na hatakuwa na kosa, kwa kuwa TB ni nyingi huku kwetu. Magonjwa haya mawili hufanana kwa kikohozi, kwa kukonda, na hata kwenye picha.

Omba eksirei ya kifua na kipimo cha kupuliza pumzi. Eksirei inaweza kuonekana safi mwanzoni. Ikiwa dalili zinaendelea, picha ya CT huona zaidi. Huduma hizi zitafute kwenye hospitali kubwa za rufaa: Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ile ambayo wengi wanaiita Russia, hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Nakuru, au Moi kule Eldoret.

Usipuuze TB hata hivyo. Silika hudhoofisha ulinzi wa mapafu, na mwenye silikosisi hupata TB kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine. Makohozi yapimwe tena kila dalili zikibadilika. Matibabu ya TB katika hospitali za umma ni bure. Ukivuta sigara, acha. Na ikithibitika ni silikosisi, kuondoka kwenye vumbi ndilo tendo la kwanza la matibabu. Tunza ripoti zote, kwa sababu sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inagusa pia magonjwa yanayoletwa na kazi.

Sisi hatukati kaunta. Tunaponda mawe ya dhahabu Migori na Ikolomani. Yanatuhusu haya?

Yanawahusu sana. Dhahabu mara nyingi hukaa kwenye mishipa ya kwatsi, na kinu kikiponda kikavu hutoa silika ileile. Lowesheni mawe kabla ya kuponda, na akina mama wenye watoto mgongoni wakae mbali na kinu.

Mume wangu huja nyumbani na nguo nyeupe kwa vumbi. Nizikung'ute?

Hapana, mama. Usizikung'ute. Aziache kazini, na ikibidi zije, zije kwenye mfuko uliofungwa, uzitumbukize majini moja kwa moja bila kuzichanganya na za watoto.

Na kaunta iliyokwisha kuwekwa jikoni kwangu, ina madhara?

Haina. Silika imefungwa ndani ya resini. Kukatia sukuma juu yake au kuipangusa kwa maji na sabuni hakutoi vumbi la kuogopa. Hatari ni ya kukata, kutoboa, kusaga na kung'arisha. Kwa hiyo, kabla hujalipa, muulize muuzaji tundu la sinki litatobolewa wapi, na kwa mashine gani. Akijibu kwamba vijana watakuja na grainda walikate palepale jikoni, mwambie achukue vipimo, bamba likakatwe karakanani kwa maji, liletwe likiwa tayari kufungwa.