Prednisoloni na tumbo: maneno ya mtaani na ukweli wake

Shangazi yangu analima mpunga Mabogini, chini ya mji wa Moshi. Aliumwa tumbo na mgongo miezi kadhaa, sote tukidhani ni vidonda vya tumbo. Kipimo cha CT kikaonyesha tishu ngumu kama kovu, nyuma kabisa ya tumbo, imezingira mshipa mkuu wa damu na kubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Ni ugonjwa adimu, faibrosisi ya retroperitonia. Akaandikiwa prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, na maneno yakaanza.

"Hizo si dawa za kunenepesha?" Hapana. Uso kuvimba na hamu ya kula kuongezeka ni madhara yake tu. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili inayochochea uvimbe. Wala si zile steroidi za wabeba vyuma.

"Ukipata nafuu, acha." Hili ndilo linaloniumiza roho. Mara nyingi mgonjwa huanza na miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha daktari hupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Maumivu yanaweza kuisha ndani ya siku chache, lakini ile tishu bado ipo. Tena, ukizimeza zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zilizo juu ya figo huzembea kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Shangazi aliacha ghafla wiki ya sita. Nilimkuta kitandani anatapika, presha iko chini, hawezi hata kusimama. Tuliwahi hospitali, angeweza kufa.

"Minyoo na TB vinahusiana nini na hili?" Sana. TB ya tumbo huweza kufanana na ugonjwa huu, na steroidi huipa nafasi ya kuenea. Yupo pia mnyoo aitwaye strongiloidi, anayepenya nyayo za anayetembea peku kwenye udongo wenye mabuu yake. Hukaa mwilini miaka mingi kimya. Kinga ikishuka, huzaliana na kusambaa hadi kuua. Mkulima wa majaruba apimwe kabla ya kuanza dawa hizi.

Si kila uvimbe wa tumboni unaohitaji steroidi, lakini. Ule wa mafuta yanayoshikilia utumbo mara nyingi hugundulika kwa bahati na huachwa, ukifuatiliwa tu.

Sasa shangazi humeza vidonge vyake asubuhi baada ya uji, muda ambao mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi, na sukari yake hupimwa kila kliniki.