Je, wajua kwa nini chuo cha kilimo cha Morogoro kina panya wastaafu?

Katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wapo wafanyakazi wanaolipwa ndizi na karanga, wanaozoezwa kuamkia kazini alfajiri, na ambao wakizeeka hupumzishwa na kutunzwa mpaka wafe. Ni panya buku. Mwajiri wao hasa ni APOPO, shirika lililoanzia Ubelgiji linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, lakini kituo chao cha mafunzo kiko hapo chuoni na wengi wao huzaliwa hapo hapo. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: chuo cha kumsaidia mkulima kinafugia nini panya, na mkulima mwenyewe yuko vitani na panya kila msimu?

Jibu fupi ni kwamba mradi ulifuata utaalamu, na utaalamu huo ulikuwapo kwa ajili ya mkulima. SUA ilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984. Tangu miaka hiyo ya 1980 watafiti wake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, walikuwa wakitega, wakipima na kuhesabu panya wa mashambani. Mbelgiji Bart Weetjens alipoanzisha APOPO mwaka 1997 akiwa na wazo la kutafuta mabomu kwa pua ya panya, alihitaji mahali panapojua kuzalisha na kutunza panya wa Afrika. Mwaka 2000 mradi ukahamia Morogoro.

Tuwatenganishe kwanza panya wawili, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Anayemtia mkulima hasara kubwa ni panya shamba, *Mastomys natalensis*, kiumbe wa gramu hamsini hivi. Jike ana chuchu zinazoweza kufika 24, na kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo si ajabu. Hufukua mbegu ya mahindi mara tu inapopandwa na kukata miche michanga. Hatari kubwa ni wiki mbili za kwanza. Ndiyo maana sumu inayowekwa baada ya kuona mapengo kwenye mistari huwa imechelewa: panya ameshakula, na mche uliosalia umeshaanza kupita umri anaoupenda.

Hesabu ya panya shamba hufuata mvua. Majani mabichi yakichipua, majike huanza kuzaa. Mvua za vuli zikiwa nyingi, watoto waliozaliwa vuli huwahi kukomaa na wao kuzaa masika, na hapo ndipo mlipuko wa panya unapotokea. Kwa hiyo mvua ya Novemba na Desemba ni taarifa ya mapema kwa mkulima anayejiandaa.

Sumu nayo ina ujanja wake. Fosfidi ya zinki huua haraka, na haraka hiyo ndiyo kasoro yake: panya aliyeonja kidogo akaumwa tumbo bila kufa hukumbuka, wala haigusi tena. Dawa ya hilo ni kuweka chambo kisicho na sumu siku mbili tatu ili panya azoee kula pale, ndipo sumu ifuate. Sumu za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya hahusishi ugonjwa na chakula, ila bundi na paka wanaokula panya hao nao huathirika. Na mkulima anayetega peke yake anafanya kazi ya bure, kwani shamba lililosafishwa hujazwa upya na panya wa jirani baada ya muda mfupi. Kutega hufaa kukifanywa na majirani wote kwa wakati mmoja, kabla ya kupanda.

Panya buku, *Cricetomys ansorgei*, ni mwingine kabisa. Ana kilo moja na ushee, anazidi nusu mita kutoka pua hadi ncha ya mkia, haoni vizuri, na mashavu yake yana mifuko ya kubebea chakula kwenda kuficha. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: naye hula mazao akiyapata. Lakini huzaa kidogo, hufugika, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane. Mnyama wa kufundishwa kwa karibu mwaka mzima hana budi kuishi muda wa kutosha ili mafunzo yalipe.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, ambalo tuliowahi kulifanya tuko wengi: kudhani kwamba panya hutumwa kwenye bomu ili alipuke yeye badala ya binadamu. Dhana hiyo haishiki hata kwa hesabu za kawaida. Panya aliyefunzwa miezi tisa hadi mwaka, akalishwa, akatibiwa na kusafirishwa kwa ndege, akitumika mara moja tu angekuwa mtegua bomu wa gharama ya kupindukia. Ukweli ni kwamba mabomu mengi yaliyotegwa kwa ajili ya watembea kwa miguu huhitaji uzito wa kilo tano hivi au zaidi yalipuke. Panya wa kilo moja na robo hupita juu yake, akasimama, akakwaruza, na hakuna kitu. Yapo mabomu yanayolipuka kwa kuvutwa waya, kwa hiyo eneo hukaguliwa kwanza na majani hukatwa kabla panya hajaingia. Wepesi wake ni kinga kubwa, ila si kinga dhidi ya kila aina ya bomu.

Kosa la pili ni dogo lakini lina ukaidi: kwamba panya “anasikia” chuma. Hicho ndicho asichokijali hata kidogo. Mashine ya kutafutia chuma hulia kwa bomu, kwa msumari, kwa kizibo cha soda na kwa ganda la risasi, na kila mlio lazima uchimbwe taratibu kana kwamba ni bomu. Panya ananusa TNT, baruti iliyomo ndani, ambayo harufu yake hupenya kidogo kidogo kutoka kwenye ganda hadi udongoni. Misumari yote anaipita. Ndiyo sababu anaweza kumaliza mita za mraba 200 kwa nusu saa hivi, eneo ambalo mtu mwenye mashine anaweza kulifanyia kazi hadi siku nne. Ulinganisho huo usichukuliwe kama sheria, kwani shamba lisilo na vyuma vingi humpunguzia sana mtu wa mashine kazi. Panya naye huishia kuonyesha mahali. Anayechimba na kulitegua au kulilipua bomu ni binadamu.

Anafundishwaje? Mtoto wa wiki tano hivi, macho yamekwisha kufunguka, hubebwa, huguswa na kuzoeshwa kelele za magari na watu. Kisha hujifunza kwamba kidude kinacholia “tik” maana yake chakula kinakuja. Hatua ya tatu ni tundu lenye harufu ya TNT: akiweka pua hapo, tik, ndizi. Muda wa kushikilia pua huongezwa kidogo kidogo hadi kama sekunde tatu. Baadaye yanaongezwa matundu yasiyo na TNT, na hayo hayalipi. Kisha harufu hufukiwa mchangani, halafu panya hupelekwa kwenye uwanja wa mazoezi wenye mabomu halisi yaliyoondolewa uwezo wa kulipuka. Huko huvaa mkanda kifuani, hufungwa kwenye kamba iliyonyoshwa kati ya watu wawili waliosimama kwenye njia salama, na kwenda huku na huko. Kila akimaliza mstari, wawili hao husogea kidogo. Akipata harufu hukwaruza ardhi kwa miguu ya mbele, na mahali pale huandikwa kwenye karatasi yenye miraba.

Vinavyoharibu mafunzo ni vitu vidogo. Tik ikichelewa sekunde moja, panya ameshainua kichwa, na amelipwa kwa kuinua kichwa. Mkufunzi akijua bomu lilipo, hupunguza mwendo au hutazama pale bila kujitambua, na panya akaanza kumsoma mtu badala ya udongo. Kwa hiyo siku ya mtihani mkufunzi haambiwi kitu.

Kigumu kuliko vyote huanza panya akishafuzu, na hapa ndipo pananoga. Kwenye uwanja wa mazoezi kila bomu lina ramani, kwa hiyo ni rahisi kumlipa anayepatia. Kwenye shamba la kweli hakuna aliye na ramani. Angekuwapo, panya wa nini? Ni kama mwalimu anayesahihisha mtihani ambao yeye mwenyewe hana majibu yake. Panya anakwaruza. Umlipe?

Ukimlipa kila anapokwaruza, ndani ya siku chache atagundua kwamba kinacholipa ni kukwaruza wala si harufu, na utarudi nyumbani na karatasi iliyojaa alama zisizo na maana. Ni mwanafunzi anayepewa vema kwa kila jibu, hata la kubahatisha. Ukiacha kumlipa kabisa, utaharibu upande wa pili: anafanana na kibarua anayelima wiki nzima bila kuona ujira. Siku za mwanzo anajituma, kisha anazembea, kisha anapita juu ya harufu bila kujisumbua. Hali zote mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya zaidi, maana alama ya uongo inakupotezea nusu saa ya kuchimba, ilhali bomu lililorukwa hubaki likimsubiri mwenye jembe.

Suluhisho ni kuchomeka majibu machache unayoyajua katikati ya mtihani usioujua. Sehemu zenye harufu ya TNT huandaliwa na watu wenyewe katika eneo ambalo panya anapita. Akizionyesha hizo, tik, ndizi. Akionyesha nyingine, huandikwa tu, bila malipo wala adhabu. Panya hawezi kutofautisha bomu lililotegwa vitani na harufu iliyowekwa jana, kwa hiyo hana namna ila kuwa mwaminifu kote. Mbinu hiyo hiyo hutumika kwa panya wa APOPO wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu: kati ya sampuli za wagonjwa huchanganywa zinazojulikana kuwa na vimelea, na ndizo peke yake zinazolipa. Sampuli nyingine anayoionyesha panya hurudiwa maabara kabla mtu hajaambiwa anaumwa.

Majibu hayo yaliyochomekwa yana faida ya pili, nayo ndiyo inayotufikisha kwenye kustaafu. Kwa kuwa idadi ya yaliyowekwa inajulikana, kila panya ana rekodi ya alichopata na alichokosa. Rekodi ikishuka na isipande hata baada ya kurudishwa mazoezini, au akianza kuwa mzito wa mwendo, kazi yake inaishia hapo. Uzee ni sababu ya kawaida. Mstaafu hapelekwi porini, kwani amekulia mikononi mwa watu na chakula chake kimekuwa kikija na tik. Hubaki kwenye makazi yake, akapewa matunda, mahali pa kuchezea na daktari wa mifugo.

Anayejulikana kuliko wote ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufanya kazi Kambodia kwa miaka mitano. Alionyesha mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka, katika eneo la zaidi ya mita za mraba 225,000. Septemba 2020 shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimpa nishani ya dhahabu ya ukubwa wa kumfaa panya, inayoning'inia kwenye ule ule mkanda wa kazi. Hakuna panya aliyekuwa amewahi kuipata. Alistaafu Juni 2021, akabakizwa wiki chache ili panya wapya waliotoka Tanzania wapate mwenyeji wa kuwazoesha. Januari 2022, wiki moja akiwa anacheza kama kawaida, mwisho wa wiki alianza kulala zaidi na kuacha chakula, akafa akiwa na umri wa miaka minane.