"Alumini haishiki kutu, fundi"

Kijana anakuja na picha kwenye simu. Kajichomea chasisi ya gari kwa bomba za mraba nyuma ya nyumba kwao, injini ya Corolla imeshakaa, usukani unageuka, sasa anatafuta wa kumvalishia bodi. Shiti za alumini kashanunua, za milimita 1.2. Namsifu, maana kazi ya kuchomea anaijua. Kisha namuuliza: hicho chuma mbona bado kitupu, rangi utapiga lini? "Rangi ya nini, mzee? Si kinafunikwa? Halafu alumini haishiki kutu."

Nimeyasikia maneno hayo mpaka nikiona shiti inashushwa kwenye bajaji tu, najua yanakuja.

Alumini ikiwa peke yake inajilinda vizuri, sibishi. Ina utando mwembamba juu yake, na ukiukwangua unajirudisha wenyewe. Lakini wewe hukuiacha peke yake. Umeilaza juu ya chuma kitupu, ukaibana kwa ribiti, zile pini za kuvuta, kisha gari likaishi pwani, penye hewa ya chumvi na mvua za masika. Metali mbili tofauti zinazogusana, kati yake maji ya chumvi: hiyo ni betri. Na kwenye betri upande mmoja lazima uliwe, kama kopo la zinki la betri ya tochi linavyoliwa mpaka likavuja. Hapa kinacholiwa ni alumini. Chuma ndicho kinachofaidi. Utaona rangi inavimba kuzunguka ribiti, ukiikwaruza unatoka unga mweupe, na baada ya muda kidole kinapenya.

Wasioamini nawaambia wakatazame Land Rover ya zamani. Tangu mwaka 1948 ilivishwa bodi ya aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma, kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Inama uangalie mlango kwa chini, pale shiti ilipokunjiwa kwenye fremu ya chuma. Kwa nyingi pameliwa kama mkate uliotembelewa na panya. Na hilo ni gari la kiwandani, si la nyuma ya nyumba.

Ribiti nayo ni mtego. Ribiti ya alumini ukiipitisha kwenye bomba la chuma, kitu kidogo kinapambana na chasisi nzima, na kidogo ndicho kinachokwisha haraka. Na ule msumari wa katikati, kipande kinachobaki ndani baada ya kuvuta, mara nyingi ni chuma: ndiyo yale machozi ya kahawia unayoyaona ubavuni mwa bodi. Chagua zenye msumari usioshika kutu. Washa za shaba usizitumie kabisa.

Kwangu kazi inakwenda hivi. Panga shiti zote zikiwa kavu, bila gundi, bana kwa vibanio, toboa, kisha FUNGUA KILA KITU. Hapo ndipo wateja wananung'unika: "Umeshaifunga, unaifungua ya nini?" Naifungua nisafishe mashimo, nipige chuma praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe mpaka ndani ya matundu, niiache ikauke sawasawa. Ndipo naweka mstari wa gundi ya poliyurethani, ile inayobaki kama mpira, kati ya chuma na shiti, na kila ribiti naichovya humo kabla ya kuivuta. Ni siku mbili zaidi. Kama huna siku mbili, gari la kujitengenezea si kazi yako.

Tena msiniletee silikoni ya madirishani, ile inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, na unaipaka kwenye metali.

Kuna wanaosema gundi haiwezi kushika bodi. Kioo cha mbele cha gari ulilokuja nalo kimeshikwa na nini? Alumini ikipata joto hurefuka karibu mara mbili ya chuma. Shiti ya mita 2 ikipanda nyuzi 40, inakipita chuma kwa karibu milimita 1. Tabaka la gundi la milimita 2 au 3 linaivumilia tofauti hiyo. Ribiti peke yake zinalegea, halafu zinaanza kulia kila ukipita rasta.

Kuhusu ribiti nyingi: kila shimo ni mahali shiti inapoweza kupasuka. Ukizipanga kama matundu ya stempu, umeifundisha pa kuchanika. Mimi naacha sentimita 5 mpaka 7, na siukaribii ukingo kwa chini ya mara mbili ya unene wa ribiti. Shimo la ribiti ya milimita 4.8 ni 4.9, si 5.5 eti kwa sababu ndiyo biti iliyokuwepo.

Wengine husema: "Bodi itaikaza chasisi." Shiti bapa iliyofungwa vizuri sakafuni inasaidia, kweli. Boneti na mudigadi hazisaidii kitu. Chasisi inayojipinda ikiwa uchi, irudishe kwenye mashine ya kuchomea kwanza.

Na kabla hujavuta ribiti ya mwisho, jiulize utafikia wapi pampu ya mafuta. Paneli ya kufunguliwa inataka bolti, na nati za kupachikwa ndani ya bomba. Mwezi uliopita nilikata ubavu mzima wa gari la mtu ili kubadilisha paipu moja ya breki. Aliyelifunga ni yeye mwenyewe, na alikuwa amesimama pembeni akinishikia taa.